Wi-Fi na usalama kwenye mtihani wa CCNA: ushauri kwa mnaojiandaa Karagwe na Kyerwa

Swali ni lilelile, litoke Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo: "Sabneti naziweza, VLAN naziweza, OSPF nayo si haba. Nikifika kwenye Wi-Fi na usalama napotea. Nifanyeje?" Anayeuliza mara nyingi ni afisa TEHAMA wa halmashauri au hospitali, mwalimu wa TEHAMA wa sekondari, au kijana mwenye diploma anayejipatia riziki kwa kufunga ruta na kamera za ulinzi madukani. Majibu yangu kwao yanafanana, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja.

Ninauzungumzia mtihani wa Cisco namba 200-301, yaani CCNA. Ulianza Februari 2020, na toleo lake la 1.1 linatumika tangu Agosti 2024. Unafanyika kwa dakika 120, na ada yake ni dola 300 za Marekani kabla ya kodi. Kwa familia nyingi za Kyerwa hiyo ni fedha ya msimu wa kahawa, si ya kwenda kujaribia bahati.

Msimamo wangu ni huu: Wi-Fi na usalama si sura za kukariri wiki ya mwisho. Ni swichi na VLAN zilezile unazozijua, zimeongezewa masharti. Anayekariri majina huchanganyikiwa swali linapogeuzwa kidogo. Anayejua paketi imetoka wapi, imepita poti gani na nani ameikagua, hata swali geni atalijibu.

Jua kwanza maswali yanatoka wapi

Cisco hutoa bure orodha ya mada za mtihani. Kurasa zake ni chache. Zichapishe stesheni yoyote uzibandike ukutani. Utaona kwamba usalama una eneo lake lenye asilimia 15 ya mtihani. Wi-Fi haina eneo lake. Imetawanywa mahali patatu:

- Chaneli, SSID, mawimbi na usimbaji viko kwenye eneo la kwanza, misingi ya mtandao.
- Usanifu wa Wi-Fi wa Cisco, aina za AP, waya zake na kurasa za kontrola viko kwenye eneo la pili, pamoja na VLAN na STP.
- WPA, WPA2, WPA3 na kuunda WLAN yenye nenosiri viko ndani ya usalama.

Ndiyo maana mtu anamaliza kitabu na bado hajui kama ameimaliza Wi-Fi. Chukua kalamu ya rangi, pigia mstari mada zote za Wi-Fi popote zilipo, uzisome pamoja kama somo moja.

Halafu angalia kitenzi kinachoanza kila mada. Hapa watu wengi hupoteza majuma. Mada ikianza na "describe" unatakiwa kueleza. Ikianza na "configure and verify" unatakiwa kusanidi kwa mkono na kuhakiki. VPN za IPsec ni za kueleza tu, lakini nimeona watu wakihangaika kuzisanidi usiku kucha huku ACL, ambayo ni ya kusanidi, hawaiwezi bila kuangalia daftari. Mada za usalama zinazotaka mikono ni tano: manenosiri ya vifaa, ACL, ulinzi wa swichi kwenye tabaka la pili na, upande wa Wi-Fi, kuunda WLAN ya WPA2 kwa nenosiri la pamoja. Ya tano utaikuta nje ya eneo la usalama, kwenye huduma za IP: kuwasha SSH. Muda wako mwingi uende huko.

Wi-Fi: anza na hewa, malizia kwenye swichi

Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta. Weka kwenye simu ya Android programu ya bure ya kuchunguza Wi-Fi, kisha tembea mtaa wa maduka wa Kayanga au Nkwenda. Utaona kila mtandao, nguvu yake na chaneli yake. Kwenye bendi ya GHz 2.4 chaneli zimepishana MHz 5 tu, ilhali kila moja hutumia upana wa takriban MHz 20 hadi 22. Kwa hiyo zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Ukiona duka moja liko chaneli 6 na jirani yake chaneli 8, hao wawili wanapigiana kelele. Ukilishuhudia hilo mara moja kwenye skrini, hutalisahau kwenye mtihani. Kusikiliza hivyo si kosa. Kujaribu kuingia kwenye mtandao usio wako ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na hoja ya "nilikuwa najifunza" haitakusaidia polisi.

Ukifika nyumbani angalia pia jinsi mawimbi yanavyokufa. Majani ya mgomba yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi. Mabati huyarudisha yalikotoka. Ukuta wa tofali za kuchoma huyapunguza, na bendi ya GHz 5 huumia zaidi ya ile ya 2.4. Mtihani utayaita kunyonywa, kuakisiwa na kutawanyika; wewe utakuwa umeshayaona kati ya nyumba na shamba.

Wanaoishi Murongo wana somo la ziada. Wanajua simu inavyoweza kudaka mtandao wa Uganda kutoka ng'ambo ya Mto Kagera bila kumuuliza mwenyewe. Wi-Fi nayo ni hivyo: kifaa hufuata jina kilichokwisha kulizoea, na SSID ni jina tu, yeyote anaweza kulitangaza. Shambulio la AP pacha ya uongo linaanzia hapo.

Sasa usimbaji. Usikariri jedwali refu. Shika mistari hii:

- WEP: hutumia RC4 na imevunjwa zamani. Ikitokea kwenye majibu, karibu kila mara ni chambo.
- WPA (2003): TKIP juu ya RC4 ileile. Ilikuwa kiraka ili vifaa vya zamani visitupwe.
- WPA2 (2004): AES kwa CCMP.
- WPA3 (2018): SAE badala ya makubaliano ya zamani ya nenosiri la pamoja, na ulinzi wa fremu za usimamizi ni wa lazima.

Kwa nini SAE? Kwenye WPA2 ya nenosiri la pamoja, mtu akirekodi salamu za mwanzo kati ya simu na AP anaweza kwenda nazo nyumbani akajaribu manenosiri mpaka apate. SAE inamfungia njia hiyo.

Kisha tenganisha Personal na Enterprise. Ya kwanza ni nenosiri moja kwa wote. Ya pili hutumia 802.1X, kila mtumiaji ana utambulisho wake, na anayethibitisha ni seva ya RADIUS. Swali likitaja RADIUS au vyeti, liko Enterprise. Katika njia za EAP, kumbuka angalau kwamba EAP-TLS inadai cheti pande zote mbili, na PEAP inadai cheti upande wa seva tu.

AP, kontrola na waya: hapa ndipo pana alama

Aksesi pointi, ambayo hapa nitaiita AP kama mtihani unavyoiita, inaweza kujitegemea au kuongozwa na kontrola, yaani WLC. Ikiongozwa, kazi zinagawanywa. Mambo ya papo kwa papo ya mawimbi na usimbaji hubaki kwa AP. Uthibitishaji, uhamaji wa watumiaji na usimamizi wa chaneli huenda kwa kontrola. Kati yao kuna mfereji wa CAPWAP: UDP 5246 kwa udhibiti, UDP 5247 kwa data. Namba hizo mbili zikariri. Ni kati ya vichache ninavyoruhusu kukaririwa.

Linalowachanganya wengi ni aina ya poti. Chukua mfano wa taasisi yenye kontrola Kayanga na tawi dogo Murongo.

- AP za Kayanga ziko katika hali ya *local*. Data yote ya watumiaji huingia kwenye CAPWAP hadi kontrola. Swichi inaona trafiki ya AP tu, kwa hiyo AP inakaa kwenye poti ya *access*, VLAN moja.
- Kontrola yenyewe inabeba VLAN za WLAN zote, kwa hiyo inakaa kwenye *trunk*. Ukiunganisha waya zaidi ya moja kwa LAG, upande wa swichi tumia `channel-group 1 mode on`. Kontrola za zamani za Cisco, ambazo kurasa zake tutazitumia hapa chini, hazizungumzi LACP wala PAgP, na mtihani unapenda kukutegea hapo.
- AP za Murongo ziko mbali, na laini ni hafifu. Ziweke *FlexConnect*: data ya watumiaji inaishia kwenye swichi ya hapohapo, na laini ya Kayanga ikikatika watumiaji wanaendelea. Kwa kuwa AP sasa inatoa VLAN kadhaa kwenye swichi, poti yake ni *trunk*.

Hali nyingine (*monitor*, *sniffer*, *rogue detector*, *bridge*, *SE-Connect*) zinahitaji sentensi moja moja tu. Usizipe siku nzima.

Sasa unganisha na usalama. Ukiweka port security ya anwani moja ya MAC kwenye poti ya AP ya *local*, mambo yanaenda, kwa sababu swichi inaiona MAC ya AP pekee. Ukiiweka hivyohivyo kwenye poti ya AP ya *FlexConnect* inayotoa data hapohapo, simu ya kwanza ikiunganishwa MAC mpya inatokea na poti inazimika. Ukiweza kumweleza mwenzako jambo hili bila kusoma, uko tayari kwa robo kubwa ya sehemu hii.

Kuunda WLAN kwa mkono

Kontrola ya kweli huna, na huihitaji. Packet Tracer ni programu ya bure inayopatikana kwa kujiandikisha Cisco Networking Academy, na ina kontrola na AP ndani yake. Fanya hivi:

1. Weka swichi, kontrola, AP ya aina inayoongozwa, na ruta au seva itakayogawa anwani kwa DHCP. AP ndani ya programu haiwaki yenyewe: fungua ukurasa wake wa Physical na uburute adapta ya umeme, au utumie swichi ya PoE. Watu hukaa saa nzima hapa wakidhani wamekosea IP.
2. Hakikisha AP imepata anwani na imejiunga na kontrola. Zikiwa sabneti moja inaiona yenyewe. Zikiwa tofauti, DHCP inahitaji *option* 43.
3. Kwenye kontrola, nenda Controller, kisha Interfaces, uunde *dynamic interface* ya VLAN ya watumiaji: namba ya VLAN, anwani, geti, seva ya DHCP. Hatua hii ikirukwa, WLAN itaanguka kwenye *interface* ya *management*, na watumiaji watapata anwani za mtandao usio wao.
4. Nenda WLANs, Create New, uandike jina la wasifu na SSID.
5. Kwenye General, washa Status na uchague ile *interface* uliyounda.
6. Kwenye Security, Layer 2: chagua WPA+WPA2, weka alama kwenye WPA2 Policy na AES, washa PSK, andika nenosiri la herufi 8 hadi 63.
7. Kwenye QoS, jua ngazi nne kutoka juu: Platinum ya sauti, Gold ya video, Silver ya kawaida, Bronze ya mwisho. Silver ndiyo inayokuja yenyewe.
8. Bonyeza Apply. Unganisha simu au kompyuta, jaribu *ping*.

Rudia mpaka uifanye bila maelezo, kisha vuruga kitu kimoja (ondoa PSK, zima Status, badili VLAN) uone dalili yake. Mtihani hukuonyesha picha ya ukurasa na kuuliza kwa nini mteja haunganishwi. Aliyevuruga mwenyewe hujibu haraka.

Usalama: vitu vya kufanya mpaka mkono uzoee

*SSH na manenosiri.* Mpangilio ni: jina la kifaa, `ip domain-name`, `crypto key generate rsa` kwa ufunguo wa biti 2048, `username` yenye `secret`, kisha kwenye `line vty` weka `login local` na `transport input ssh`. Ukiandika `login` peke yake, kifaa kitatafuta nenosiri la laini na kumpuuza mtumiaji uliyemuunda. Jua pia kwamba `enable secret` huishinda `enable password` zikiwepo zote mbili, na kwamba `service password-encryption` inaficha kwa macho tu. Aina ya 7 hufumbuliwa kwa sekunde.

*ACL.* Tuseme chama cha msingi cha kahawa kina wahasibu kwenye 192.168.10.0/24 na Wi-Fi ya wageni kwenye 192.168.20.0/24. Wageni wapate intaneti, wasiwafikie wahasibu.

`ip access-list extended WAGENI`
`deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 192.168.10.0 0.0.0.255`
`permit ip any any`
`interface g0/0.20`
`ip access-group WAGENI in`

Angalia mambo haya, kwa sababu maswali yatatoka humo:

- Mistari husomwa kutoka juu, na wa kwanza kulingana unamaliza kazi. Ukiweka `permit ip any any` juu, `deny` haitaguswa kamwe.
- Mwishoni kuna katazo lisiloandikwa. Ukisahau `permit`, wageni wanakosa hata intaneti.
- Wildcard si sabneti maski. Toa kila namba ya maski kwenye 255: /26 ni 0.0.0.63, /20 ni 0.0.15.255.
- ACL ya kawaida (1 hadi 99, na 1300 hadi 1999) inaangalia chanzo tu, kwa hiyo huwekwa karibu na lengo. Ya *extended* (100 hadi 199, na 2000 hadi 2699) huwekwa karibu na chanzo.
- Kwenye `line vty` amri ni `access-class`, si `access-group`.
- Na jambo wasiloliona wengi: kwa ACL hii, mhasibu naye aki-*ping* kifaa cha mgeni hapati jibu. Ombi linafika, jibu linakwama likirudi. Jaribu uone.

*Port security.* Poti lazima kwanza iwe `switchport mode access` au *trunk* ya kudumu; iliyoachwa ijichagulie itakataa. Bila kuongeza chochote inaruhusu MAC moja, na adhabu ni *shutdown*. *Protect* hutupa kimyakimya. *Restrict* hutupa, huhesabu na kutoa taarifa. *Shutdown* huiweka poti kwenye *err-disabled*, na ili irudi unaizima na kuiwasha. MAC za *sticky* huingia kwenye *running-config*. Usipohifadhi, umeme ukikatika zimekwenda.

*DHCP snooping na DAI.* Kisa kinachojirudia maofisini: mtu analeta ruta yake ya 4G, anachomeka poti ya LAN kwenye tundu la ukutani ili "apate neti nzuri". Ruta ile nayo inagawa anwani. Ndani ya saa moja nusu ya ofisi ina 192.168.1 kitu, printa haionekani, mfumo wa malipo haufunguki, na afisa TEHAMA anapigiwa simu kutoka kila chumba. DHCP snooping ni dawa ya kisa hicho:

1. `ip dhcp snooping`
2. `ip dhcp snooping vlan 20` (bila huu, wa kwanza haufanyi kitu)
3. Kwenye poti inayoelekea seva halali: `ip dhcp snooping trust`
4. Kompyuta zikikosa anwani ingawa kila kitu ni sawa, jaribu `no ip dhcp snooping information option`. Swichi huongeza *option* 82, na ruta ya Cisco inayogawa anwani inaweza kuikataa.

DAI, inayokagua ujumbe wa ARP, inategemea orodha iliyojengwa na DHCP snooping. Ndiyo sababu printa yenye anwani ya kuandikwa kwa mkono hufungiwa ghafla DAI inapowashwa: haimo kwenye orodha, inahitaji ARP ACL. Swali la aina hii huonekana gumu kwa asiyejua kwamba hivi viwili ni mtu na mkongojo wake.

Ya kuelewa tu

AAA: anayethibitishwa ni nani, anaruhusiwa nini, amefanya nini. RADIUS hutumia UDP 1812 na 1813 na husimba nenosiri tu. TACACS+ hutumia TCP 49, husimba mwili wote wa ujumbe na hutenganisha hatua tatu za AAA. VPN: ya ofisi kwa ofisi, na ya mtu mmoja akiwa mbali. Ndani ya IPsec, ESP husimba, AH haisimbi. Maneno *threat*, *vulnerability*, *exploit* na *mitigation* yabaki na Kiingereza chake kichwani, maana ndivyo utakavyoulizwa: chumba cha seva kisicho na kufuli ni *vulnerability*, mwizi ni *threat*, ufunguo bandia aliotumia ni *exploit*, kufuli jipya ni *mitigation*.

"Lakini mimi hali yangu tofauti"

*"Umeme haueleweki."* Laptopu yenye betri inatosha Packet Tracer. Pangilia maabara fupi, moja kwa kikao, na uhifadhi faili kila hatua. Soma nadharia kwenye simu giza likiingia.

*"Bando linaniua."* Shusha video usiku mara moja, angalia mchana bila intaneti. Mfululizo wa bure wa Jeremy's IT Lab unashughulikia mada zote. Anayependa kitabu achukue juzuu mbili za Wendell Odom. Chagua kimoja kiwe mzizi. Wanaorukaruka kati ya wakufunzi watano huwa wanaona sura ya kwanza mara tano.

*"Kiingereza changu ni cha shule."* Tatizo kubwa ni maneno madogo: NOT, *least*, *choose two*. Fanya mazoezi ya kusoma swali hadi mwisho kabla ya kuangalia majibu, kisha ulirudie kwa Kiswahili chako mwenyewe. Eleza pia mada kwa Kiswahili kwa mtu mwingine. Ukikwama, hujaielewa, hata kama umeikariri.

*"Kazini kuna swichi za kweli, nifanyie mazoezi huko?"* Kuangalia kwa amri za `show`, kwa ruhusa ya maandishi ya bosi, sawa. Kuwasha DAI hospitalini saa nne asubuhi ili uone itakuwaje, hapana.

Makosa ninayoyaona tena na tena

- Kununua PDF za "maswali halisi" kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram. Mengi yana majibu yasiyo sahihi, na Cisco ikikugundua inaweza kukufutia matokeo. Zaidi ya hapo, hayatakusaidia kwenye maswali ya kusanidi.
- Kusoma usalama kabla ya VLAN na *trunk* kukaa sawa. Rudi nyuma kwanza.
- Kutazama maabara za wengine. Kutazama si kufanya.
- Kulipia mtihani mapema ili "kujilazimisha". Kwa dola 300, subiri mpaka maabara zote za hapo juu uzimalize bila daftari.

Kujisajili, safari na siku yenyewe

Mtihani unaendeshwa na Pearson VUE. Kabla ya kulipa angalia kwenye tovuti yao vituo vilivyo wazi tarehe unayotaka. Dar es Salaam vipo, na kwa mtu wa Kyerwa, Kampala kupitia Mutukula inaweza kuwa karibu zaidi, lakini ukivuka mpaka chukua pasipoti. Malipo ni kwa kadi. Ya benki yenye Visa au Mastercard inafaa, hakikisha imefunguliwa kwa matumizi ya mtandaoni.

Jina kwenye akaunti lifanane na kitambulisho chako, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu kwenye kitambulisho cha NIDA na mawili kwenye akaunti wajisahihishe kabla ya safari, si mlangoni.

Kuna njia ya kufanyia mtihani nyumbani mbele ya kamera. Siishauri huku. Inadai chumba kitupu, ukimya, na mtandao usioyumba kwa muda wote. Laini ikikatika katikati, kesi inaanza.

Fika mjini siku moja kabla. Usifike na basi asubuhi ya mtihani. Ndani ya chumba kumbuka kwamba ukishajibu na kusonga mbele huwezi kurudi nyuma, kwa hiyo usiache swali tupu ukidhani utalirudia. Maswali ya kusanidi hula muda. Ukikutana nalo soma kazi zote kwanza, fanya unazoziweza, hifadhi kama wameagiza, endelea.

Ukifaulu, cheti kinaishi miaka 3. Usipofaulu, unasubiri siku 5 kabla ya kurudia, na ada ni nyingine kamili. Ripoti ya alama huonyesha asilimia kwa kila eneo. Isome kwa uangalifu: "Security Fundamentals" ikiwa chini, rudia ACL na tabaka la pili; ikiwa juu lakini "Network Access" iko chini na VLAN unaziweza, shaka kwanza Wi-Fi, maana kontrola na AP zimejificha humo.